Una hemofilia halafu choo kimekuwa cheusi kama lami? Soma hii kabla hujaenda kukaa kwenye benchi

Tukikutana kliniki sisi watu wa faktori (ile protini ya kugandisha damu, ambayo mwenye hemofilia hana au anayo kidogo) stori ni zilezile, magoti, viwiko, kifundo cha mguu, jino limeng'olewa damu imegoma kukata, basi. Tumbo halizungumzwi kabisa mpaka siku limemlaza mtu. Na naelewa kwa nini, maana goti likivuja unaliona, linavimba, lina joto, linauma mpaka unalia, ila tumbo linaweza kuvuja siku nne na wewe uko kazini, unakula ugali wako, unapanda daladala, unajiona umechoka tu unasema labda malaria hii.

Mimi hemofilia yangu ni A tena ile kali, yani faktori nane iko chini ya asilimia 1. Nikiwa na miaka 19 goti la kushoto lilinisumbua, faktori kliniki ilikuwa imeisha wiki ile, nikapita duka la dawa la mtaani nikamwambia dada wa pale nipe kitu cha maumivu, akanifungia diklofenaki kwenye kibahasha, asubuhi moja jioni moja, nikazimeza siku sita. Siku ya tano choo kikawa cheusi. Nikajisemea ni yale maharage. Siku ya saba natoka chooni nikaona ukuta unanijia, nikaangukia mlangoni. Mama alipofika hakuanza na kuniinua, alichungulia kwanza kwenye tundu la choo kwa tochi ya simu, ndo akapiga kelele aitiwe bajaji. Nimeshamwambia mara nyingi ile tochi ndo iliniponya.

Hospitali tuliyofika (jina naliacha) nikakaa benchi masaa manne, kwa sababu kwa macho sikuwa natoka damu popote, nimeegemea bega la mama kama mtu mwenye usingizi. Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole tu wala hakuwa na dharau, ila alisema tusubiri majibu, tujue kwanza damu inatokea wapi, ndo tuamue. Hapo ndo penyewe. Kwa mtu wa kawaida ni sawa. Kwa mtu wa hemofilia mpangilio unageuka: faktori inatangulia, vipimo vinafuata. Yote nitakayoandika hapa chini yanazunguka hilo.

Choo cheusi ni kipi na kipi sio

Damu ikitokea juu, yani kwenye umio, tumbo lenyewe au mwanzo wa utumbo mwembamba, inasafiri njia nzima inachanganyika na asidi inameng'enywa, ikitoka chini haina wekundu tena. Inakuwa nyeusi, inang'aa, inanata kama lami ya barabarani ikipigwa jua, na harufu yake ni ya peke yake, ukishainusa mara moja huisahau. Ukimwaga maji haiondoki kirahisi, inabaki imeganda pembeni ya sinki. Na haihitaji damu nyingi, hata mililita 50 mpaka 100, yani robo kikombe mpaka nusu kikombe hivi, inatosha kukifanya choo kiwe hivyo.

Vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu navyo vinakitia choo weusi, ila ule unaelekea kijani kibichi sana, hainati na haina ile harufu. Ukiwa na wasiwasi futa kwa karatasi nyeupe uangalie rangi kwenye mwanga. Ukishindwa kutofautisha chukulia ni damu.

Ukitapika, damu inaweza kuwa nyekundu wazi au mabonge, au ikaja kama machicha ya kahawa, yale yanayobaki chini ya kikombe. Watu wengi hiyo ya machicha wanaipuuza kwa kuwa sio nyekundu. Ni damu ile, imekaa tumboni ikaungua na asidi.

Nyekundu inayotoka chini mara nyingi ni ya utumbo mpana, au bawasiri, au mchubuko kwa sababu ya choo kigumu. Ila ikiwa nyingi na mtu anatoka jasho jembamba na ana kizunguzungu, usitulie na jina la bawasiri, maana damu ya juu ikitoka kwa kasi kubwa inafika chini bado nyekundu.

Halafu kuna ile ambayo haitoki kokote. Damu inavujia ndani ya ukuta wa utumbo au kwenye msuli mkubwa wa nyuma ya tumbo unaoshuka kwenye nyonga, mtu anapata maumivu makali ya upande, hawezi kunyoosha mguu, na kwa nje kila kitu kinafanana na kidole tumbo. Vijana wa hemofilia wanaweza kuishia meza ya upasuaji kwa kidole tumbo ambacho hakipo. Ukiwa na hemofilia na tumbo limekushika hivyo, kabla kisu hakijagusa ngozi ipigwe faktori na ifanyike ultrasaundi.

Pale nyumbani, kabla ya bajaji

Kama una faktori kwenye friji, choma sasa hivi. Usingoje ufike hospitali, usingoje uhakika. Ukichoma halafu ikaonekana ilikuwa maharage umepoteza chupa, usipochoma halafu ikawa damu unajua mwenyewe. Chupa ikitoka kwenye friji iache ubaridi upungue kidogo, ukichanganya izungushe taratibu kwenye kiganja, usiitikise kama juisi, na sindano isukume polepole. Ukimaliza bado unaenda hospitali, hiyo sio ya kubaki nyumbani kusikilizia.

Mgonjwa alale, ubavu kama anatapika ili asivute matapishi kwenye mapafu. Asile, asinywe. Najua kila nyumba ina shangazi mwenye maziwa, "mpe maziwa yapoze vidonda", hapana shangazi, tumbo litatakiwa liwe tupu wakienda kuingiza kamera. Asipewe mshubiri, asipewe unga wa mizizi, na asipewe kidonge chochote cha maumivu, hata panadol (ambayo siku nyingine ndo salama kwetu) iache kwanza.

Hesabu mapigo. Shika kifundo cha mkono, saa ya simu, sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukikuta mtu amelala tu na moyo unaenda zaidi ya 100 jua damu imeshapungua. Na hapa kuna jambo la kushika sana: presha ya kijana inadanganya. Mishipa ya kijana inajikaza, presha inasoma vizuri 118 kwa 75 na mtu ameshapoteza damu ya kutosha, ikija kushuka inashuka kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo mapokezi wakikwambia "presha iko sawa" waombe waangalie na mapigo, na wampime akiwa amekaa sio amelala tu.

Piga picha choo au matapishi. Najua ni uchafu, piga tu. Daktari akiona picha hana haja ya kukuamini.

Karatasi moja inayoongea kwa niaba yako

Ukizimia huwezi kueleza hemofilia ni nini, na kuna madaktari na manesi ambao mara ya mwisho wamelisikia hilo neno darasani. Kwa hiyo kuwe na karatasi au kadi, kwenye pochi moja, nyingine kwa mama au mke, na picha yake kwenye simu. Yangu imeandikwa hivi:

"Nina hemofilia A, kali, faktori VIII chini ya 1%. Kilo 60. Kundi la damu O+. Inhibita: sina, nilipimwa mwaka huu. Nikitapika damu, nikipata choo cheusi, nikigonga kichwa au tumbo likiniuma sana: nipeni faktori VIII KABLA ya vipimo na kabla ya picha. Kiasi cha kuanzia yuniti 2400 kwenye mshipa. Msinichome sindano ya tako. Msinipe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Mpigieni daktari wa kliniki yangu namba hii."

Ni maneno machache makusudi. (Inhibita ni kinga ya mwili inayoipinga faktori, nitaieleza mbele.) Ukiandika kurasa tatu hamna anayesoma saa nane usiku. Hiyo ya sindano ya tako sio pambo, mtu akifika analalamika tumbo jambo la kwanza mara nyingi ni diklofenaki ya sindano kwenye msuli, hapo anapigwa makosa mawili kwa mkupuo, dawa inayochubua tumbo na kuvuruga chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), na tundu kwenye msuli litakalovuja wiki nzima.

Mapokezi usianze na historia. Usiseme "tumbo linasumbua", utapewa namba ya foleni. Sema: "Huyu ana hemofilia, anatoka damu ndani ya tumbo, anahitaji faktori sasa hivi, karatasi hii hapa." Hao wa hospitali sio wabaya, wamezoea kwamba dharura ni ile inayochuruzika sakafuni. Msindikizaji awe mtu mwenye sauti, ila sio mgomvi, mgomvi anatolewa nje na walinzi afu mgonjwa anabaki peke yake. Mama yangu baada ya masaa manne alifanya kitu kimoja tu, aliingia chumba cha daktari bila kuitwa akaweka kadi ya kliniki mezani juu ya faili la mgonjwa mwingine akasema "mwanangu, soma hii kwanza." Kijana akasoma, akatoka mbio. HB yangu, yani kipimo cha wingi wa damu, ilirudi 5, na mwanaume wa umri wangu huwa na 13 kwenda juu.

Hesabu ya faktori, usiiogope

Hii sio ya kujitibu kienyeji, ni ya kumrahisishia daktari ambaye hajawahi kuifanya, na ya wewe kujua kama ulichopewa kinatosha, maana kupewa chupa moja ya yuniti 250 mtu mzima anayevuja tumboni ni sawa na kuzima moto wa nyumba kwa kikombe.

Faktori nane, kila yuniti moja kwa kilo moja inapandisha kiwango kwa asilimia 2. Kwa hiyo unachukua kilo, unazidisha na asilimia unayotaka kupandisha, unagawa kwa mbili. Damu ya tumboni kwenye miongozo ya Shirikisho la Hemofilia Duniani inatakiwa kufika asilimia 80 mpaka 100 kwa hemofilia A. Mimi kilo 60, mara 80, gawa mbili, 2400. Nusu yake inaisha mwilini ndani ya masaa 8 mpaka 12 tu, kwa hiyo asubuhi na jioni lazima irudiwe, ukichomwa mara moja ukaachwa mpaka kesho kutwa ni kama hujachomwa.

Faktori tisa, hemofilia B, yuniti moja kwa kilo inapandisha asilimia 1, hakuna kugawa. Wanalenga 60 mpaka 80. Kilo 60 mara 60 inakuja 3600. Hii inakaa zaidi, masaa 18 mpaka 24.

Miongozo hiyohiyo inajua kuna sehemu dawa haitoshi, ikaweka na kiwango cha chini, asilimia 30 mpaka 50, ambacho ndo wengi wetu huku tunapata. Sio bora ila kinaokoa watu. Kwa hiyo daktari akisema "tuna yuniti 1200 tu" usikatae useme nataka 2400, pokea, huku mtu wa familia anapiga simu kliniki kubwa. Faktori nyingi tunayotumia Afrika Mashariki inakuja kwa msaada kupitia hilo shirikisho, kwa hiyo inakuja kwa mafungu na huwa inakaa vituo vichache, Muhimbili pale Dar, kwa Kenya kuna Kenyatta Nairobi na Moi kule Eldoret. Jua kituo chako kinaweka wapi na nani anashika ufunguo wa friji usiku. Hilo swali la ufunguo uliza siku ukiwa mzima.

Kama faktori hamna kabisa

Kuna krayo na kuna plazma (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe), vyote vinatoka benki ya damu. Krayo iligunduliwa na Judith Graham Pool mwaka 1964 pale Stanford, Marekani, aliona kwamba plazma iliyogandishwa ikiyeyushwa taratibu inaacha mabaki chini, na kwenye yale mabaki ndo faktori nane imejaa. Kifuko kimoja kina kama yuniti 70 mpaka 80. Piga hesabu: nikitaka 2400 ni vifuko kama 30 mpaka 34, nikitaka kiwango cha chini cha 1200 ni kama 15 mpaka 17. Ndo maana nasema karatasi yenye hesabu ni muhimu, bila hiyo utaletewa vifuko vitatu na kila mtu ataona ametimiza wajibu.

Sasa shika hili. Krayo HAINA faktori tisa. Mtu wa hemofilia B akiwekewa krayo hata ndoo nzima haimsaidii. Yeye anaenda plazma. Na plazma ina kila faktori kidogo kidogo, kama yuniti moja kwa mililita, tatizo ni ujazo, unaweka mililita 15 mpaka 20 kwa kila kilo, mtu wa kilo 60 ni kama lita moja hivi, moyo na mapafu vinaelemewa, na bado ni vigumu kuvuka asilimia 30. Inasogeza muda mpaka faktori ifike, sio tiba ya wiki.

Damu nzima au chembe nyekundu ni habari nyingine. Inarudisha HB ila haizibi tundu. Utamsikia mtu "tumemuongezea chupa tatu bado inashuka", si itashuka tu, unajaza ndoo iliyotoboka. Kwa wagonjwa wengi wanaotoka damu tumboni huwa wanaanza kuongeza HB ikifika chini ya 7, ila hayo ataamua daktari, kazi yako ni kuhakikisha faktori inaenda pamoja nayo.

Traneksa

Asidi ya traneksamiki, vidonge au sindano, inazuia bonge la damu lililoshaganda lisiyeyuke mapema. Kwenye mdomo, pua, hedhi, ni rafiki yetu wa siku zote, mtu mzima mara nyingi gramu moja mara tatu kwa siku. Kwenye tumbo kuna kelele kidogo. Mwaka 2020 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa unaoitwa HALT-IT, wagonjwa 12,009 wanaotoka damu tumboni, wakakuta haikupunguza vifo na ikaongeza kidogo mabonge ya damu kwenye mishipa. Kwa hiyo daktari mwenye kusoma anaweza kukukatalia. Ila utafiti ule haukuwa wa watu wa hemofilia, na kwetu bado inatumika pamoja na faktori. Usigombane naye, mwambie aongee na daktari wa kliniki yako. Ambacho hakitakiwi ni traneksa peke yake kama mbadala wa faktori. Na kama unakojoa damu sema, maana hapo inaweza kugandisha mabonge yakaziba njia ya mkojo.

Kamera

Endoskopi ni ya lazima pale inapowezekana, ndani ya masaa 24 ukiwa umetulizwa, na faktori ichomwe kabla hawajaingiza ule mpira. Usiikimbie, maana hemofilia haitoboi tumbo. Hemofilia inafanya tundu dogo livuje kama bomba, ila tundu lina sababu yake, na usipoipata utarudi.

Yangu ilikuwa kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, diklofenaki ilichimba, lakini wakapima na H. pylori akakutwa. Yule bakteria ni wa kawaida mno huku kwetu, watu wengi wanaishi naye bila habari, ila kwa sisi ni mgeni wa kufukuzwa. Kipimo cha choo kipo, tiba ni dawa za siku 14 zenye antibayotiki mbili na omeprazoli (ya kupunguza asidi) au ndugu zake. Zinachosha, mdomo unakuwa mchungu kama umelamba betri, maliza. Halafu pima tena angalau wiki nne baada ya kumaliza, ukiwa umeacha omeprazoli wiki mbili, ukipima mapema kipimo kinakudanganya kwamba umepona.

Watu wa Kanda ya Ziwa, nyie mna la ziada. Kichocho cha tumbo kutoka maji ya ziwa kinaharibu mishipa ya ini taratibu kwa miaka, damu inakosa pa kupita inarudi nyuma, mishipa ya umio inatuna kama kamba za mguu wa mjamzito, siku ikipasuka mtu anatapika beseni. Ini lililonyauka kwa homa ya ini B linafanya vilevile, na lenyewe linaongeza balaa la pili kwa sababu ini ndo kiwanda cha faktori nyingi, ikiwemo tisa. Kwa hiyo kuna watu hawajazaliwa na hemofilia lakini damu haigandi sawasawa kwa sababu kiwanda kimekufa. Sisi tuliozaliwa nayo tuchanje homa ya ini B, tupime C kwa wale waliowekewa damu zamani, na kichocho kimezewe dawa.

Watu wa von Willebrand (ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu kutoganda vizuri) nao wasome hapa, hasa dada zangu na wazee. Hii iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1926 kutokana na familia moja ya visiwa vya Åland, Finland, na binti mgonjwa ambaye uchunguzi ule ulianzia kwake alikuja kufariki kwa damu ya hedhi akiwa bado mdogo. Wenye aina kali wakizeeka wanaota vimishipa vyembamba vilivyojisokota kwenye utumbo, vinavuja kidogo kidogo, vinaacha, vinavuja tena, kamera inaingia haioni kitu. Mtu anaongezewa damu kila baada ya miezi na hakuna anayejua. Kama bibi yako HB haikai na hedhi zake enzi hizo zilikuwa za mafuriko, taja hilo kwa daktari.

Siku ya tatu ndo ya hatari

Sio kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya furaha. Choo kinaanza kurudi kahawia, mtu amekula uji, ndugu wanaulizia bili, daktari anaandika ruhusa. Damu ya tumboni faktori inaendelea siku 7 mpaka 14, kiwango kinashushwa lakini haisimami, kwa sababu kidonda kimefunikwa tu na bonge jepesi na kila mlo unalipitia. Mimi niliomba kutoka siku ya nne, mama akakataa, siku ya tano usiku nikatapika machicha tena. Faktori ilikuwa imerukwa dozi mbili kwa sababu zamu zimebadilishana na kila mmoja akidhani mwenzake amechoma. Sasa hivi nikilazwa naweka daftari dogo chini ya mto, saa, yuniti, nani kachoma, na nesi mpya akiingia namuonyesha kwa heshima.

Upande wa pili usichanganyikiwe choo kikibaki cheusi siku tatu nne baada ya kuanza tiba, damu ya zamani bado iko njiani inatoka. Angalia mapigo na HB, hivyo ndo vinasema ukweli. Na wakikuanzishia vidonge vya madini ya chuma utapoteza ishara yako ya rangi, kwa hiyo tegemea harufu na kunata.

Ukipewa faktori ya kutosha kwa hesabu na damu haijali, waza inhibita. Ni kinga ya mwili imeamua faktori ni adui inaimeza, kwa hemofilia A kali inawapata karibu watu 3 kati ya 10 maishani. Hapo kuongeza dozi sio jibu mara nyingi, inahitajika dawa ya kuzunguka, kama faktori saba ya kutengenezwa maabara, na kipimo cha inhibita. Wale mnaochoma emisizumabu (sindano ya kinga kwa hemofilia A) nanyi iandikeni kwenye kadi kwa herufi kubwa: inazuia lakini haizimi damu iliyokwisha kuanza, bado unahitaji faktori, na APTT, kipimo cha kuganda kwa damu, kitasoma kizuri kabisa daktari aseme huna tatizo. Ukiwa nayo na una inhibita, zile dawa za mchanganyiko wa faktori zilizoamshwa ni hatari kwa mabonge, daktari wa kliniki lazima aulizwe kwanza.

Dukani

Neno la mwisho la maumivu kwa mwenye hemofilia ni panadol, na barafu, na faktori yenyewe kwa sababu goti linauma kwa damu iliyomo ndani. Aspirini hapana milele. Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini, piroksikamu hapana. Tatizo ni vile vidonge vya mafua na kichwa vya pakiti za rangi, vingi vimechanganywa na aspirini, geuza pakiti usome maandishi madogo, ukiona asetilisalisili au ASA rudisha. Mwambie na dada wa duka lako la mtaani akujue kwa sura. Wa kwetu siku hizi nikitokeza tu anasema "wewe panadol", hata kama nimefuata vocha.

Na kadi isasishwe. Nimejipima jana nimefika kilo 66, kadi bado inasema 60, kwa hiyo 66 mara 80 gawa mbili, 2640, ngoja nikatafute kalamu.